Vikapu Tisa vya Lodio

Alhamisi hiyo Lodio aliingia dukani kwangu mara nne kabla ya saa sita, na mara zote nne alitaka nimsomee ujumbe uleule kwenye simu yake. Si kwamba hajui kusoma. Lodio anasoma magazeti kunizidi mimi. Alitaka tu kuyasikia yale maneno kwa mdomo wa mtu mwingine, pengine yangebadilika.

"Soma tena pale mwisho, Mama Wambugu."

"Nitakufukuza."

"Pale tu. Pa mwisho."

Nikasoma. Mtu anayeitwa Jeremy alikuwa anakuja Jumamosi saa nne asubuhi, akitokea Nanyuki. Alikuwa anaandika kijitabu cha viwanja vya gofu ya visahani vinavyostahili kutembelewa, kuanzia Mlima Kenya kwenda kaskazini. Angecheza uwanja wa Lodio mwanzo hadi mwisho, na alitaka kukuta mambo mawili: vikapu tisa vimesimama, na ruhusa ya mwenye ardhi kwa maandishi. Hilo la pili lilitokana na wachezaji waliofukuzwa na mbwa mwaka jana, mahali walipodhani wamekaribishwa. Kijitabu kilikuwa kinakwenda kupigwa chapa wiki iliyofuata. Ukikosa sasa, umekosa.

"Vikapu tisa viko," Lodio akasema. "Barua iko."

"Basi unaogopa nini?"

"Sijui. Naogopa tu."

Mimi pia nilikuwa naogopa tangu Jumatatu, ila sikumwambia. Mtu mmoja akitetemeka, mwingine lazima ajifanye mkali.

Mimi ni Waringa, mama yake Wambugu. Nauza misumari, rangi, mabomba na kufuli kando ya barabara kuu hapa Isiolo, na kibanda cha Lodio cha kuchomelea vyuma kimeegemea ukuta wangu. Kwa miaka kumi na minne nimevumilia cheche zake, moshi wake na redio yake. Baba yangu aliletwa hapa na serikali kutoka Nyeri kuwa karani, akasahau kurudi. Mimi si mtu wa michezo, na niseme hivyo mapema, msije mkafikiri nilikuwa upande wa Lodio kwa sababu ya visahani. Nilikuwa upande wake kwa sababu nilijua anachotaka, na kilikuwa kitu kidogo sana.

Lodio anatengeneza springi za magari yanayokwenda kwingine. Malori ya Moyale, pikapu za Merti zilizobeba watu na magunia, magari ya watalii yanayokimbilia wanyama. Yote husimama mbele yake yakiwa yamevunjika, na yakipona huondoka bila kuangalia nyuma. Siku moja alivua miwani yake ya kuchomelea, akaliangalia gari likiondoka, akaniambia, "Hakuna mtu anakuja Isiolo, Mama Wambugu. Watu wanapitia tu. Mimi nataka mtu mmoja aamke kwake aseme, leo naenda Isiolo."

Huo ndio ugonjwa wake wote.

Visahani vyenyewe vililetwa na gari lililovunjika, kama kila kitu kingine maishani mwake. Vijana wawili waliokuwa wakienda Marsabit walikaa hapa kutwa nzima wakisubiri springi, na kwa uchovu wakaanza kurusha visahani vigumu vya plastiki kwenye pipa tupu la mafuta. Walimweleza kwamba mchezo huo una viwanja kabisa, kwamba mtu hurusha kutoka mahali palipowekwa alama mpaka kisahani kiingie kwenye kikapu cha minyororo, na anayerusha mara chache ndiye mshindi. Lodio aliomba kujaribu. Cha tatu kiliingia. Walipoondoka walimwachia kimoja, na kwa miaka mitatu mwanaume mzima mwenye mke na watoto alikuwa akirusha kitu hicho nyuma ya duka langu kila jioni. Kilipovunja dirisha langu la choo nilimwita majina ambayo sitayaandika hapa.

Kisha mwaka huu, mwezi wa nne, mvua ikiwa imenyesha vizuri, alikwenda kutafuta ardhi. Alipata mahali kwenye laga moja upande wa Ngare Mara, mto mkavu wenye mchanga mweupe na migunga mikubwa kingo zote mbili. Hapakuwa na nyumba, ua wala mbuzi hata mmoja. Alirudi mjini na macho yanang'aa. Karani wa ofisi moja alimwandikia barua yenye muhuri. Lodio akachomelea vikapu tisa kwa rimu kuukuu za baiskeli na minyororo ya pikipiki, akavisimamisha juu ya mabomba aliyoyashikiza kwa saruji ndani ya matairi. Kimoja hakiinuliwi na watu wawili.

Nilikwenda kuuona uwanja mwezi wa sita, nikiwa na nia ya kucheka. Sikucheka. Cha kwanza unarusha kutoka juu ya jiwe. Cha tatu kiko ng'ambo ya laga, na unapaswa kukipitisha kisahani juu ya mchanga mtupu huku upepo unakisukuma. Cha tano, cha sita na cha saba viko kwenye kivuli kizito cha migunga, mahali pa baridi hata mchana. Nilikaa pale chini nikavua viatu. Nilisema, "Hapa pazuri," na Lodio alifurahi mpaka akaona haya.

Jeremy alikuwa ametuma kurasa kadhaa za kijitabu ili Lodio aone zinavyoandikwa. Timau: vikapu kumi na vinane kwenye kingo za shamba la ngano, cheza asubuhi kabla upepo haujaamka. Nanyuki: kumi na viwili katikati ya miti mirefu, cha saba kiko ng'ambo ya kijito, usivae viatu unavyovipenda. Meru: tisa kwenye mteremko nyuma ya shule, siku za likizo tu. Halafu palikuwa na ukurasa wenye neno moja juu, Isiolo, na chini yake hakuna kitu. Lodio alikuwa amekwenda kuuchapisha ukurasa huo mtupu. Aliubandika ukutani juu ya mashine yake.

Basi Alhamisi hiyo, baada ya mara ya nne, nilifunga duka. Nilimwambia twende tukaviangalie vikapu vyake kwa macho ili aniache nifanye kazi. Tulipata pikapu ya jirani, tukafika kama saa tisa.

Cha kwanza kilikuwepo. Cha pili, cha tatu na cha nne vilikuwepo. Tulipopinda kona ya laga Lodio alisimama ghafla, nami nikamgonga mgongoni.

Migunga minne mikubwa ilikuwa imezungushiwa miiba. Si miiba ya kutupwa ovyo. Ulikuwa ua wa mtu anayejua kazi yake, matawi yamelazwa ncha zikitazama nje, urefu wa kifua. Ndani ya ua huo, vikiwa vimefungiwa kama ndama, vilikuwemo vikapu vyetu vitatu, cha tano, cha sita na cha saba.

"Nani amefanya hii?" nikauliza.

Lodio alikuwa anaangalia juu. Miti ilikuwa imejaa maganda ya mbegu yaliyopindapinda, mengine ya kijani, mengine yameanza kukauka.

Nakiri kwamba mimi ndiye niliyesema maneno mabaya kwanza. Nilimwambia panga liko kwenye pikapu. Nilimwambia ana barua yenye muhuri na huyu mwenye miiba hana, na kazi hiyo ni ya nusu saa tu. Lodio alishika tawi moja, akalivuta. Likatoka na mlio. Palibaki tundu la kupita mtu. Akalitazama lile tundu kwa muda, kisha akalirudisha tawi mahali pake polepole, akijichoma vidole.

"Kwa nini?" nikamfokea. "Keshokutwa mtu anakuja!"

"Najua anakuja."

"Sasa?"

"Tuulize kwanza ni ya nani," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye tayari anajua na anaomba asiambiwe.

Ijumaa tulirudi, tukauliza, tukaelekezwa kwenye boma lililokuwa mwendo wa robo saa kutoka kwenye laga. Nilibeba sukari, majani ya chai na tumbaku, kwa kuwa huwezi kwenda kuomba mikono mitupu. Mwenyewe hatukumkuta. Tulimkuta mke wa mwanawe, Akuam, mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni. Alituambia mama mkwe wake anaitwa Nakolong, yuko na mbuzi, atarudi hajui saa ngapi.

Akatupa chai. Lodio alizunguka maneno mpaka nikachoka, nikauliza mwenyewe: ile miiba ni ya nini?

Akuam alitushangaa. "Si ni ekwar yake?"

"Ekwar ni nini?"

"Miti yake. Miti ya laga iko na wenyewe, kila mtu na yake. Hata baba ya bwana yangu alikuta hivyo. Maganda ikianza kuiva unazungusha miiba, ndio mbuzi ya watu isimalize. Ikikauka ikianguka yote, unafungua, yako inakula. Hiyo ndio inapitisha mbuzi kiangazi." Alimtazama Lodio. "Wewe ni wa vile vyuma?"

"Ni mimi."

"Mama amekasirika. Tulikuwa tumehamia upande wa Gotu na mifugo wakati wa mvua. Tumerudi tunapata vyuma chini ya mti. Halafu kuna watu wanapiga mti na sahani. Maganda inaanguka mbichi. Mbichi haina kitu, hiyo imepotea. Mwaka ile mvua ilikataa mara tatu, mbuzi ya watu iliisha. Ya mama ilibaki kumi na moja, na ni hiyo miti."

Lodio aliweka kikombe chini. Aliuliza kama mama mkwe angekubali kufungua kwa siku moja tu, kesho, muda wa saa mbili hivi. Akuam alisema hawezi kumjibia mwenye miti. Angemwambia tu kwamba tulikuja.

Kwenye pikapu, wakati wa kurudi, Lodio alitoa barua mfukoni akanipa. Nilikuwa sijawahi kuisoma. Ilisema kwamba Lodio Nanok ameruhusiwa kuweka vifaa vya mchezo katika *eneo la wazi lisilo na mwenyewe*.

"Karani alipata wapi hayo?" nikamuuliza.

"Aliniuliza kama kuna mtu pale."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia hakuna."

Lodio amezaliwa mjini, hapa hapa. Baba yake alikuwa mlinzi wa ghala la nafaka, na kwa miaka yote ya mjini hakumiliki hata kuku. Kwa hiyo Lodio alikwenda kutafuta ardhi wakati wa mvua, wakati ambao kila mwenye mbuzi amehama, akaona hakuna watu, akaandikisha kwamba hakuna mwenyewe. Ni kosa ambalo mtoto mdogo wa boma lolote upande ule asingelifanya. Nilitaka kumcheka nikashindwa. 

Jumamosi saa nne kasoro Jeremy alifika. Nilitarajia mtu mkubwa, kumbe ni kijana mwembamba mwenye kofia, daftari na futi ya kupimia, aliyetusalimu kwa heshima na kuniita mama. Hilo lilizidisha tatizo. Mtu mbaya ungeweza kumkasirikia.

"Karibu Isiolo," Lodio alimwambia. Alikuwa amevaa shati la kanisani, na kola ilikuwa imeshalowa jasho.

Nilitembea nyuma yao nikihesabu. Cha kwanza Jeremy alikipata kwa mara tatu. Cha pili alipima umbali, akaandika kitu, na mimi nikajaribu kusoma juu ya bega lake nisione. Kwenye cha tatu, cha kuvusha laga, alirusha kisahani chake chekundu juu sana. Upepo ukakichukua, kikasimama hewani, kikageuka, kikashuka taratibu ng'ambo na kugusa minyororo. Jeremy alipiga kelele kama mtoto.

"Hiki!" akasema. "Hiki ni kati ya vizuri sana nilivyocheza mwaka huu! Timau hakuna kitu kama hiki!"

Lodio alinigeukia. Sijawahi kuona furaha ikimuumiza mtu namna ile. Kwa sababu kona ya laga ilikuwa mbele yetu, na baada ya kona palikuwa na miiba.

Tulipofika, Jeremy aliuzunguka ua, akauliza. Lodio alisema, "Imefungwa kwa sababu ya maganda. Ni msimu." Hakusema mengi zaidi. 

"Hiyo si shida," Jeremy akasema, akipiga picha. "Timau pia hufunga wakati wa kuvuna. Nitaandika kwamba vitatu hufungwa kiangazi. Vikapu viko, nimeviona, tisa ni tisa."

 Nilimfinya Lodio mkono, naye hakufinya wangu.

Wakacheza cha nane. Wakacheza cha tisa, ambacho kiko chini kidogo, katikati ya migunga miwili mizee ambayo haikuwa na ua wowote. Jeremy alifuta jasho, akakaa juu ya mzizi, akafungua daftari.

"Imebaki ruhusa tu. Unayo barua?"

Lodio aliitoa. Wakati huo huo tulisikia kengele. Mbuzi walikuja wakiteremka ukingo wa laga, thelathini na kitu, na nyuma yao mwanamke mrefu mzee, shanga shingoni, fimbo mabegani, mikono imening'inia juu ya fimbo. Hakuna aliyehitaji kuniambia ni nani. Mbuzi walikwenda moja kwa moja chini ya ile miti miwili na kuanza kuokota maganda yaliyoanguka. Yeye alisimama hatua chache kutoka kwetu. Lodio alimwamkia kwa Kiturkana, naye akaitikia kwa ufupi.

Jeremy, ambaye hakujua lolote, alimpungia mkono, kisha akaisoma barua kwa sauti ili ainakili. Aliisoma vizuri, kama mtu wa redio. Alipofika kwenye *eneo la wazi lisilo na mwenyewe* nilitamani ardhi inimeze.

"Nani amesema?" Nakolong akauliza kwa Kiswahili.

Jeremy aliinua kichwa. "Samahani, mama?"

"Nani amesema hapa haina mwenyewe?"

Lodio angeweza kumtaja karani. Mimi ningemtaja. Karani hakuwepo, hangejua, na maneno yenyewe yalikuwa na muhuri wake. Nilimkazia Lodio macho yanayosema mtaje karani, mtaje karani.

"Ni mimi, mama," Lodio akasema. "Aliniuliza, nikasema hakuna mtu. Sikuuliza mtu yeyote huku. Na nilijua. Baba alikuwa ananiambia laga iko na wenyewe, kila mti. Nilifikiria hiyo ni mambo ya zamani."

Akanyoosha mkono kwa Jeremy. "Nirudishie hiyo barua."

"Lodio, hiyo ndiyo ruhusa yako. Bila hiyo sina cha kuandika."

"Si ruhusa. Ni uongo yangu na stempu ya mtu mwingine. Ukiiandika kwa kitabu, watu watakuja na kitabu mkononi wamwambie huyu mama atoke kwa miti yake."

Jeremy aliirudisha. Ni kijana mwema, hakukata tamaa haraka. Alimgeukia Nakolong, akamweleza kwa upole kuhusu kijitabu, akamuuliza kama yeye mwenyewe angetoa ruhusa, hata kwa alama ya kidole.

"Ni watu wangapi?" Nakolong akauliza.

"Hatujui, mama. Yeyote atakayesoma."

"Watakuja siku gani?"

"Siku yoyote."

"Majina yao?"

Jeremy alifunga daftari.

"Siwezi ruhusu mtu sijui jina, anakuja siku sijui," mama akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyosema mtu anayekueleza kwamba mlango huu hufungukia ndani.

Hapo ikawa imekwisha. Jeremy alimshika Lodio mkono kwa mikono yake yote miwili. Alimwambia kile cha tatu hatakisahau, lakini ukurasa wa Isiolo atalazimika kuutoa. Alimwambia ajaribu tena wakitoa kijitabu kingine, ingawa hajui ni mwaka gani. Tulilisikia gari lake likipanda kwenda barabarani, kisha hatukulisikia.

Mimi nililia. Sioni haya kusema. Nililia kwa hasira, nikasema mambo mengi: kuhusu miaka mitatu, kuhusu dirisha langu la choo, kuhusu watu wanaosema ukweli wakati ambao hakuna aliyewaomba. Lodio alisimama tu kando ya kikapu cha tisa, barua mkononi, akitazama kule gari lilikoelekea. Uso wake ulikuwa umezeeka tangu asubuhi.

Nakolong alisubiri nimalize. Kisha akamsogelea Lodio.

"Umesema baba yako alikuambia laga iko na wenyewe."

"Ndio, mama."

"Baba yako nani?"

"Nanok. Alikuwa mlinzi mjini. Alikufa."

"Nanok gani?"

"Wa Ekitela. Mbuzi zao ziliisha, akaenda mjini. Mimi nilikuwa sijazaliwa."

Mama aliteremsha fimbo kutoka mabegani. Alimwangalia Lodio usoni, paji la uso, masikio, kama mtu anayekagua mnyama aliyepotea zamani. Alizungumza kwa Kiturkana, maneno mengi. 

"Anasema nini?" nikauliza. "Lodio! Anasema nini?"

Mama ndiye aliyenijibu, akiinyooshea fimbo miti ile miwili, mmoja kisha mwingine.

"Hii ya Ekitela. Na hii ya Ekitela. Nanok, kijana yake, alienda mjini, alisema atarudi. Hakuna mtu alikata, hakuna mtu alizungusha miiba yake. Tulijua iko na wenyewe."

Niliitazama. Ilikuwa migunga mikubwa, mashina yamekunjamana, kivuli chake kinatosha mbuzi wote wale na sisi watatu na kikapu katikati. Lodio alikuwa ameandikisha kwamba haina mwenyewe. Alikuwa amekwenda ofisini kwa miguu yake mwenyewe na kuapa kwamba miti ya baba yake haina mtu. Nadhani jambo hilo lilimfikia wakati uleule liliponifikia mimi, kwa kuwa alishika bomba la kikapu kwa mkono mmoja, kisha kwa mikono miwili.

Nakolong aliwapigia mbuzi mluzi. Wakaacha kula. Aliwasukuma kwa fimbo, mmoja mmoja, wakilalamika, mpaka wote wakawa nje ya kivuli, kwenye mchanga wa jua. Ndipo akarudi akasimama ukingoni mwa kivuli, bila kuingia.

"Miaka mingi mbuzi zangu zimekula hapa," akamwambia Lodio. "Sikuwa na mtu wa kuuliza. Leo uko. Naomba maganda."

 Machozi yalikuwa yanamtiririka Lodio mpaka kwenye kola ya shati la kanisani. Mama alingoja. Mbuzi walisimama kwenye jua wakingoja, na mmoja akajaribu kuponyoka akarudishwa.

Nilimkanyaga Lodio mguu. "Mjibu mtu," nikamwambia.

"Waache wale, mama," Lodio akasema. "Wale."

Mbuzi wakapita wote mbio kando yetu, wakirusha mchanga, na kwa muda mrefu hatukusikia kingine ila maganda yakivunjika menoni mwao.